Historia ya Kuwahesabu Walioacha Shule: Mfano wa Itumba

Katika vikao vyetu suala la vijana wanaoacha sekondari hujadiliwa zaidi kama suala la maadili: wazazi wazembe, vijana watukutu, tamaa ya biashara za Tunduma. Ni mara chache tunapouliza swali linalotangulia hayo yote, yaani, idadi tunayoijadili imepatikanaje? Takwimu nazo zina historia, na historia hiyo haikuwa nje ya mapambano ya kitabaka.

Chini ya utawala wa Waingereza neno "kuacha shule" halikuwa na uzito. Mtoto aliyefika darasa la nne alikutana na mtihani uliokusudiwa kuwachuja wengi ili wachache wapate ukarani. Yeye hakuacha shule. Shule ndiyo iliyomwacha. Mwaka 1961 sekondari za Tanganyika nzima zilikuwa na wanafunzi wasiofikia 12,000. Mkoloni hakuwa na haja ya kuwahesabu walioachwa njiani, kwa sababu kuwaacha ndio uliokuwa mpango wenyewe.

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ikikutana Musoma, iliagiza elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo Novemba 1977. Agizo la namna hiyo halitekelezeki kwa kuwahesabu waliomo darasani peke yao. Ni lazima watoto wahesabiwe majumbani. Wanafunzi wa shule za msingi walikuwa kama milioni 1.2 mwaka 1974, na kufikia 1980 walizidi milioni 3. Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 ikaifanya elimu hiyo kuwa ya lazima. Lakini tusipambe mambo: juhudi kubwa ilikuwa ya kuandikisha, si ya kufuatilia nani amefika mwisho, tena iliishia darasa la saba. Sekondari zilibaki za wachache, na hesabu ya nyumba kwa nyumba haikuzifikia.

Shule za kata zilipoenea baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari wa 2004, na ada ilipofutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, umma ulifunguliwa mlango. Hapo ndipo mkinzano mpya ulipojitokeza. Ruzuku hutolewa kwa idadi ya vichwa. Jina lililobaki daftarini huleta fedha, na jina lililofutwa huzipunguza. Uhakiki wa mwaka 2016 ulitaja wanafunzi hewa zaidi ya 65,000 nchini. Je, wangapi kati yao walikuwa vijana walioacha shule kimyakimya?

Tuitazame Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje. Isongole i karibu, na ng'ambo ya mpaka ni Chitipa, Malawi, ambako Kilambya na Kindali husemwa vilevile na undugu haujui mpaka. Kijana wa kidato cha pili asiyeonekana darasani huenda anasoma kwa mjomba wake ng'ambo. Huenda amehamia Mbozi kwa barua halali. Huenda yuko Tunduma anapakua mizigo ya malori, au ni msichana aliye nyumbani na mtoto mchanga. Daftari lina neno moja kwa wote: mtoro. Zikipita siku 90 jina hukatwa, au halikatwi, kwa kadiri ya mwandishi wa daftari. Na tangu Waraka wa Novemba 2021 ulipomruhusu aliyekatiza masomo kurudi, msichana yuleyule aweza kuhesabiwa mara mbili: kwanza ameacha, kisha ni mwanafunzi mpya.

Kanuni za hesabu nazo hupishana. Tuchukue shule inayopoteza wanafunzi 5 katika kila 100 kila mwaka. Kati ya 100 walioanza kidato cha kwanza, baada ya miaka minne watabaki kama 81. Ofisa mmoja atasema asilimia 5, mwingine asilimia 19, na wote wawili wamesema kweli! Wa tatu atagawa waliopo kidato cha nne kwa walioanza miaka minne iliyopita, akisahau wanaohamia na wanaokariri kidato cha pili tangu mtihani wake uliporudishwa kuwa kizuizi mwaka 2012.

Mabepari nao hawakusalimika. Huko Houston, Marekani, ukaguzi wa mwaka 2003 katika shule 16 ulionyesha kwamba kati ya wanafunzi wapatao 5,500 walioondoka, karibu 3,000 walistahili kuandikwa kuwa wameacha shule, nao hawakuandikwa. Sifa za walimu wakuu zilitegemea tarakimu hizo.

Baraza la Mitihani limekwisha kutoa namba ya PReM inayomfuata mwanafunzi. Kinachokosekana ni orodha ya majina ya kila kundi linaloanza kidato cha kwanza, ifuatiliwe hadi kidato cha nne na kulinganishwa na anachokijua balozi wa shina. Aliyevuka Isongole aondolewe kwenye orodha pale tu shule iliyompokea inapothibitisha. Bila uthibitisho, ahesabiwe ameacha. Anayekariri abaki katika kundi lake la awali, na anayerudi arudi kwa namba yake ileile. Sababu za kila mmoja, hasa za wasichana, zibaki kwa mkuu wa shule, lakini idadi isomwe katika mkutano wa kijiji kila Januari, kwa kanuni ileile iliyotumika mwaka uliotangulia.