Onyo Kwanza, Sheria Baadaye

Ekalakala ni soko la Masinga, kaunti ya Machakos. Kijana wa huko anayetaka bitcoin hahitaji kupanda matatu hadi Nairobi. Simu yenye M-Pesa inamtosha, kisha atafute muuzaji mtandaoni. Akitapeliwa, amlilie nani? Swali hilo Kenya ililikwepa kwa miaka kumi.

Kenya haikuwa ngeni kwa hasara za namna hiyo. Mwaka 2009 jopo lililoongozwa na mwanasiasa wa Kitui, Francis Nyenze, lilichunguza biashara za piramidi kama DECI, ambako watu "walipanda mbegu" wakingoja kuvuna. Lilikuta karibu Wakenya 150,000 wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8.

Sarafu za kidijitali zilipoingia, serikali ilianza na tangazo. Desemba 2015 Benki Kuu ilitahadharisha umma kwamba bitcoin si fedha halali nchini na kwamba hakuna kinga ikiwa soko lake litaporomoka. Wiki chache kabla ya hapo, kampuni ya simu ya Safaricom ilikuwa imeikatia kampuni ya malipo ya Lipisha huduma zake za M-Pesa kwa kuwa ilipitisha malipo ya BitPesa, kampuni iliyouza bitcoin. Lipisha ilikimbilia Mahakama Kuu, lakini haikupata amri ya kurudishiwa huduma. Hivyo, kabla Bunge halijatunga sheria yoyote, mlango mkuu wa biashara hiyo ulifungwa na kampuni ya simu.

Wateja hawakutoweka. Walianza kuuziana wao kwa wao, pesa zikitoka simu moja hadi nyingine.

Kisha ukaja mradi wa sarafu ya kidijitali wa Worldcoin. Julai 2023 maelfu walipanga foleni jijini Nairobi, mboni zao zikipigwa picha ili wapewe sarafu za thamani ya takriban shilingi 7,000. Agosti 2 serikali ilisimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data iliyokusanywa ifutwe.

Ukusanyaji wa kodi haukungoja sheria ya leseni. Kuanzia Septemba 2023 kila uhamisho wa mali ya kidijitali ulitozwa asilimia 3 ya thamani yake, hata muuzaji akiwa amepata hasara. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2025, mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za watoa huduma.

Msukumo mwingine ulitoka nje: Februari 2024 shirika la kimataifa la kupambana na utakatishaji fedha, FATF, liliiweka Kenya kwenye orodha yake ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu. Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, ikaanza kutumika Novemba 4. Usimamizi umegawanywa kati ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Mwezi huohuo taasisi hizo mbili zilitangaza kwamba hazikuwa zimempa yeyote leseni chini ya sheria hiyo. Basi, wa Ekalakala au wa Nairobi, mtu akikuambia amesajiliwa, mwombe leseni kabla hujamtumia hata shilingi.