Oktani, molasi na gasoholi tuliyoisahau

Juzi nikiwa Migori mjini naelekea Homa Bay, mhudumu wa pampu aliniuliza: "Nikuwekee ya kawaida ama ile ya bei ya juu? Hiyo ina nguvu."

Nikachukua ya kawaida. Oktani si nguvu. Ni kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kubanwa ndani ya injini bila kulipuka kabla ya wakati, ule mlipuko unaosikika kama kugonga. Kama kitabu cha gari lako hakidai oktani ya juu, hela ya ziada imepotea.

Nilipopita Awendo, kwenye kiwanda cha SONY kinachosaga miwa tangu 1979, nikakumbuka kwamba Kenya iliwahi kupandisha oktani kwa miwa yake yenyewe. Sukari ikishatolewa hubaki molasi, ule uji mweusi. Huko Muhoroni, kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company kiliichachusha molasi kikapata ethanoli.

Kuanzia 1983, Nairobi iliuziwa gasoholi: asilimia 65 supa, 25 regula, 10 ethanoli. Iangalie hesabu hiyo vizuri. Regula ilikuwa na oktani ya chini. Ethanoli, yenye oktani zaidi ya 100, iliibeba. Njia ya kawaida enzi hizo ilikuwa kutia risasi, sumu ambayo Kenya iliiondoa kwenye petroli mwaka 2006.

Kasoro zilikuwepo. Lita ya ethanoli ina nishati pungufu kwa karibu theluthi moja, hivyo mchanganyiko wa asilimia 10 hukupunguzia mwendo kama asilimia 3. Pia ethanoli hunyonya maji, na yakizidi tankini hujitenga na petroli.

Lakini magari yalitembea. Mpango ulipokufa mwaka 1993, haukuuawa na injini. Uliuawa na bei: ilipangwa na serikali, na haikumlipa mtengenezaji. Sisi waandishi wa programu tunaijua hadithi hii. Mfumo unafanya kazi vizuri, kisha bajeti inauzima.

Leo kila tarehe 14 tunasubiri EPRA itangaze bei ya mafuta yanayotoka ng'ambo, huku miwa ikiwa imejaa kuanzia Awendo hadi Ndhiwa. Gasoholi ikirudi mezani, tusianze kuuliza kama injini zitaweza. Hilo lilijibiwa kwa miaka 10. Tuulize nani anapanga bei ya lita, na mkulima wa miwa atabaki na nini.