Fedha ya Sevso: mnada uliokufa kabla nyundo haijagonga

Februari 1990, kampuni ya mnada ya Sotheby's ilitangaza kwamba imepewa kazi ya kuuza vyombo 14 vya fedha vya enzi za Warumi, pamoja na sufuria kubwa ya shaba ambamo vyombo hivyo vilikuwa vimefichwa. Bei iliyotarajiwa ilikuwa kama dola milioni 70. Vilipelekwa New York kuonyeshwa kwa wateja wenye mifuko mizito. Madalali wakajiandaa, magazeti yakaandika, na mnada haukufanyika kamwe.

Tuanze na mali yenyewe, kwa sababu ugomvi wote ulioifuata hauna maana kwa asiyejua kilichokuwa kinagombewa. Vyombo hivyo vina uzito wa zaidi ya kilo 68 za fedha. Kuna masinia makubwa manne, mabirika matano, mtungi ambao mikono yake imechongwa kwa umbo la chui, ndoo mbili, beseni la kunawia na kijaluba cha vipodozi vya bibi wa nyumba. Ni kazi ya mafundi wa karne ya nne na ya tano, wakati dola ya Roma ilikuwa bado na matajiri wa kutosha wa kula karamu juu ya fedha tupu, ingawa mipakani mambo yalikuwa yameanza kuharibika.

Sinia maarufu kuliko yote lina upana wa sentimita 70 hivi na uzito wa karibu kilo tisa. Katikati yake watu wamekaa chini ya turubai wanakula baada ya kuwinda. Watumishi wanapika, na farasi mmoja amepewa heshima ya kuandikwa jina lake: Innocentius. Kuzunguka picha hiyo kuna maandishi ya Kilatini yenye dua kwamba vyombo hivi vidumu karne nyingi kwa Sevso na viwafae wazao wake. Huyo Sevso amebaki jina tu. Lakini ndani ya picha kuna neno jingine dogo, Pelso, nalo ndilo lililokuja kuwaumiza vichwa mawakili. Pelso ni jina ambalo Warumi walilipa Ziwa Balaton, lililoko magharibi mwa Hungaria ya leo.

Warumi wenyewe wasingeshangaa kuona vyombo vyao vikinadiwa. Walikuwa watu wa mnada hasa. Kule Pompeii, mwaka 1875, wachimbaji walikuta katika nyumba ya Caecilius Iucundus vibao zaidi ya 150 vya hesabu zake. Mtu huyo alikuwa akimlipa muuzaji, akimkopesha mnunuzi, na kukata ushuru wake katikati, sawasawa na dalali yeyote wa leo. Mwaka 193 askari walinzi wa Roma walinadi hata kiti cha kaisari, na Didius Julianus akakinunua kwa kuahidi kila askari sarafu 25,000 za sesta. Alitawala wiki chache tu kabla ya kuuawa. Na wizi wa vitu vya sanaa waliujua pia: mwaka 70 kabla ya Kristo Cicero alimshitaki Verres, gavana wa Sisilia, kwa kukomba masanamu na vyombo vya fedha katika nyumba na mahekalu ya watu aliowatawala.

Sasa turudi Balaton. Kati ya mwaka 1975 na 1978 hivi, kijana aitwaye József Sümegh, mfanyakazi wa machimbo ya mawe karibu na mji wa Polgárdi, alifukua sufuria ya shaba iliyojaa fedha. Hivyo ndivyo wanavyoamini wachunguzi wa Hungaria. Nchi ilikuwa chini ya serikali ya kikomunisti, na sheria ilisema wazi kwamba mali ya kale inayotoka ardhini ni ya taifa. Kijana hakuripoti. Alianza kuonyesha kitu kimoja kimoja kwa watu waliojua njia za kupeleka vitu nje. Desemba 1980, akiwa bado anatumikia jeshi, alikutwa amening'inia ndani ya pishi la divai nje ya mji. Mwanzoni wakuu walisema amejinyonga. Baadaye polisi walilifungua upya faili hilo kama kesi ya mauaji.

Mwaka huohuo wa 1980, chombo cha kwanza kilitokea London.

Walionunua hawakuwa wachuuzi wa vichochoroni. Mmoja alikuwa Peter Wilson, aliyekuwa ameiongoza Sotheby's kwa miaka mingi na kuigeuza mnada wa dunia nzima. Mwingine alikuwa Lord Northampton, bwana wa ukoo wa kale wa Kiingereza, mwenye makasri na mashamba. Waliendelea kununua kila kipande kilipojitokeza, wakiwa na shabaha ya kuuza seti nzima kwa jumba la makumbusho la Getty huko California. Mali ilikuja na hati za kuruhusu kusafirishwa nje ya Lebanoni, zikidai kwamba vyombo vilipatikana upande wa Tiro na Sidoni. Getty walizichunguza hati hizo, wakagundua kuwa ni za kughushi, wakajitoa.

Hapa ndipo mimi huona hadithi nzima imelala. Mtu anayenunua nyumba au shamba, akiambiwa hati ni bandia, hukimbia. Wenye fedha ya Sevso hawakuuliza basi mali imetoka wapi. Walitafuta soko jingine. Kwa miaka mingi biashara ya vitu vya kale iliendeshwa kwa adabu ya kutoulizana. Mnadani, maneno "mali ya bwana mmoja" yalitosha kuwa historia ya kitu. Mkataba wa UNESCO wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni ulikuwapo tangu 1970, na Hungaria ilijiunga nao mwaka 1978, lakini Uingereza, mahali fedha hiyo ilipouziwa, ilijiunga mwaka 2002 tu.

Tangazo la 1990 ndilo lililovunja ukimya. Sotheby's iliziandikia nchi 29 zilizokuwa zamani ndani ya dola ya Roma, ikiuliza kama kuna yenye dai. Sijui kama ilikuwa unyofu au ni hadhari ya kibiashara, lakini majibu yalikuja kwa fujo. Lebanoni ilikwenda mahakamani New York na kuzuia mali isiondolewe. Yugoslavia nayo ikadai, na ilipovunjika, Kroatia ikalirithi dai hilo, ikisema vyombo vilifukuliwa Barbariga, kwenye pwani yake karibu na Pula. Hungaria ikaja na hoja ya lile sinia na neno Pelso. Lebanoni baadaye ikajiondoa.

Mwaka 1993 baraza la juri lilisikiliza kesi na kuamua kwamba Hungaria haikuthibitisha dai lake, wala Kroatia. Rufaa zikashindwa. Kwa hiyo mali ikarudi kwa aliyekuwa nayo mkononi, Lord Northampton. Alishinda kesi, akarudi nyumbani na kilo 68 za fedha ambazo hakuna jumba la makumbusho lililothubutu kuzigusa. Aliwageukia mawakili waliomshauri wakati wa kununua, akawashitaki, nao wakamaliza shauri nje ya mahakama mwaka 1999. Mwaka 2006 kampuni ya Bonhams ya London ilivionyesha vyombo hivyo kwa wageni walioalikwa, Hungaria ikapiga kelele, na mauzo hayakufuata.

Wakati huo soko lenyewe lilikuwa limeanza kubadilika, kwa lazima zaidi kuliko kwa hiari. Mwaka 1995 polisi wa Italia na Uswisi walivamia maghala ya Giacomo Medici huko Geneva na kukuta maelfu ya picha za vitu vilivyofukuliwa kwa siri, vingine bado na udongo. Vingi vya mikononi mwake vilikuwa vimepitia mnada wa Sotheby's London, na mwaka 1997 kampuni hiyo ilifunga minada yake ya vitu vya kale katika mji huo. Leo mnunuzi makini huuliza swali moja kabla ya mengine: kitu hiki kilikuwa wapi kabla ya 1970?

Historia safi huongeza bei, na ushahidi upo. Mwaka 2010 mtu mwenye mashine ya kutafutia metali alikuta kofia ya shaba ya mpandafarasi wa Kirumi huko Crosby Garrett, kaskazini mwa Uingereza. Aliripoti. Kwa kuwa ilikuwa shaba na ni kitu kimoja tu, sheria ya wakati ule haikuitambua kama hazina, hivyo ikaenda Christie's ikiwa imekadiriwa pauni 200,000 hadi 300,000. Ilinunuliwa kwa zaidi ya pauni milioni 2.2 na mtu asiyetajwa jina. Makumbusho ya Tullie House ya Carlisle, jirani na ilikopatikana, ilipiga bei hadi ikaishiwa pumzi. Waingereza waliona aibu, lakini sheria yao hawakuipanua hadi 2023.

Hungaria haikusubiri mnada. Machi 2014 ilitangaza kuwa imepata vyombo saba kwa euro milioni 15, na Julai 2017 ikapata saba vilivyobaki kwa euro milioni 28. Wasomi wake walikuwa wamekwisha kulinganisha fedha hiyo na stendi ya fedha ya kukunja iliyofukuliwa jirani na Polgárdi mwaka 1878, na kuona undugu wa kazi. Seti nzima sasa iko katika Makumbusho ya Taifa ya Budapest, pamoja na sufuria yake ya shaba.

Wapo wanaosema nchi ilifanya busara, kwani mahakama ilikwisha kuikatalia. Mimi nasema ililipa euro milioni 43 kwa mali ambayo sheria yake iliihesabu kuwa ya taifa tangu siku iliyotoka ardhini, na walionunua kwa hati za kughushi hawakutoka mikono mitupu. Kuhusu kifo cha József Sümegh, hakuna aliyepatikana na hatia.