Ilianzaje? Mauaji, Adhabu na Haki kutoka Akeri hadi Mahakama za Arusha

Huku Lemara, kata ya Jiji la Arusha, habari ya mtu kuuawa ikifika kijiweni huzuka maswali mawili. Vijana huuliza, "Nani kaua?" Wazee huuliza, "Kwani ilianzaje?" Swali la kwanza ni la polisi. La pili ni la msimulizi, na ndilo ninalolishika katika makala haya. Ninadai kwamba katika historia yetu, mwenye mamlaka ya kuadhibu ndiye aliyeamua pia hadithi ya mauaji ianzie wapi. Fasihi inapoandika juu ya mauaji, mchango wake mkubwa ni kuurudisha mwanzo huo nyuma ili msomaji aone yaliyotangulia.

Tuanze na mauaji yanayofahamika sana katika historia ya Mlima Meru. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896, huko Akeri, wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha waliwaua wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Wamisionari hao walikuwa wageni kabisa, hawajajenga hata kanisa. Katika simulizi ya Kikristo wao ni mashahidi wa imani, na sina ugomvi na waliowalilia. Lakini hadithi ikianzia hemani usiku ule, Mmeru anaingia jukwaani akiwa tayari muuaji, wala hapewi neno la kusema. Ukirudi nyuma kidogo unakuta kwamba Kapteni Johannes, kamanda wa Kijerumani wa Moshi, alikuwa jirani pale na askari wake. Sasa mtu wa Akeri angemtofautishaje Mzungu wa Biblia na Mzungu wa bunduki, nao wametokea wakati mmoja? Kuuliza hivyo hakuhalalishi damu iliyomwagika. Kunaonyesha tu kwamba waliomwaga damu nao walikuwa na hofu yao na hesabu yao.

Johannes hakuwa na haja ya swali hilo. Majeshi yake, yakisaidiwa na wapiganaji wa Kichaga, yaliwashambulia Wameru na Waarusha, yakachoma nyumba, yakaharibu mashamba na kuswaga ng'ombe. Aliyeshika mkuki na mama aliyekuwa akipalilia migomba yake walilipa deni moja. Kufikia mwaka 1900 Boma la Arusha lilikuwa limesimama, kwa kazi ya kulazimishwa. Tarehe 2 Machi mwaka huo, huko Old Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine wa Kichaga, Kimeru na Kiarusha, jumla watu 19, safari hii kwa tuhuma za njama ya uasi. Dola ya kikoloni ilitaka hadithi iishie pale mtini. Haikuishia. Jamaa waliendelea kudai mabaki ya wazee wao, na Septemba 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa huko na ndugu walio hai hapa Tanzania. Miaka zaidi ya 120 baada ya kamba, watu walikuwa bado wanauliza ilianzaje.

Je, kabla ya Mjerumani watu wa mlima huu hawakuwa na haki yao? Walikuwa nayo. P. H. Gulliver, aliyefanya utafiti kwa Waarusha katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1963, alionyesha jinsi mashauri yalivyomalizwa kwa mazungumzo marefu ya koo na marika, mpaka pande mbili zikubaliane. Kwa mauaji, ilitolewa fidia ya mifugo. Kikao cha namna hiyo hakina budi kuusikiliza mwanzo, maana wasiokubaliana juu ya chanzo cha ugomvi watakubaliana vipi juu ya idadi ya ng'ombe? Ila tusipambe mambo, jamani. Mapatano hayo yalitegemea pia nguvu ya kila upande, na asiye na watu wa kumsemea alikuwa na la kuhofia.

Tukija kwenye fasihi andishi, mfano ulio wazi unatutoa Arusha kwa muda na kutupeleka Iringa. Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alifika Ismani katika shamba la mkulima Saidi Mwamwindi. Ulikuwa wakati wa kampeni ya vijiji vya ujamaa, na wakulima wakubwa wa mahindi walikuwa wanaona ardhi inawatoka. Yakazuka majibizano. Mwamwindi akachukua bunduki na kumpiga risasi, kisha akaipakia maiti katika gari la marehemu mwenyewe na kwenda kujisalimisha polisi. Utetezi wake mahakamani haukukubaliwa, na mwaka 1972 alihukumiwa kunyongwa.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1975, ilitoka riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Dunia Uwanja wa Fujo. Tumaini, mhusika mkuu wake, anamwua kiongozi wa serikali wilayani baada ya siasa ya ujamaa kuligusa shamba lake, na kitanzi kinamngoja. Sidai kwamba mwandishi alimnakili Mwamwindi. Tumaini ana maisha yake: urithi, ulevi, wanawake, kisha kujirudi na kulima. Lakini msomaji wa mwaka 1975 hakuhitaji kukumbushwa Ismani. Kwa mtazamo wangu, uzito wa riwaya umo katika mpangilio wake. Mahakamani risasi huja mwanzo, mengine yote huitwa utetezi. Kwa Kezilahabi risasi huja mwishoni. Tunapoisikia tumekwisha kuishi na Tumaini kurasa nyingi. Tunazijua tamaa zake, na tunaijua pia siasa iliyomfikia kama amri. Wahakiki wanaobishana eti riwaya hii inaupinga ujamaa au inautetea wanaruka jambo hili: mwandishi ametunyima raha ya kuhukumu haraka.

Hapo kuna pingamizi zito, na sitaki kulikwepa. Je, fasihi inapomrudia muuaji hadi utotoni, haimsahau aliyeuawa? Kiongozi anayeuawa na Tumaini hapewi hata nusu ya maisha anayopewa Tumaini. Huo ni upungufu wa kweli. Ukarimu wa riwaya una mipaka, nasi hatuna budi kuitaja.

Jibu moja lilitoka hapahapa Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilisikiliza kesi zake katika jengo la AICC mjini kwetu hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, hati ya mashtaka ya awali haikuwa na shtaka la ubakaji. Mwaka 1997 mashahidi wanawake walianza kuyaeleza yaliyowapata, na majaji wakawaacha waendelee. Hati ikarekebishwa. Hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998 ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Hapo aliyerudisha mwanzo nyuma ni mwathirika mwenyewe. Kumbe kuuliza ilianzaje si huruma kwa mshtakiwa peke yake.

Sasa ona kitendawili. Mahakama ile haikuwa na uwezo wa kutoa adhabu ya kifo. Adhabu yake kubwa ilikuwa kifungo cha maisha. Wakati huohuo, katika mji huohuo, Mtanzania aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia alipaswa kuhukumiwa kunyongwa, na jaji hakuwa na adhabu nyingine ya kuchagua. Yaani sheria ilimwambia jaji: ukishajua nani kaua, habari za maisha yake zisikusumbue katika adhabu. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapa Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania kwamba ulazima huo unakiuka haki ya uhai, ikaipa serikali mwaka mmoja wa kuirekebisha sheria. Mwaka ukapita, kifungu hakijaguswa.

Nimeipitia hukumu hiyo kama mwanafunzi wa fasihi, na naona inadai jambo ambalo riwaya imelifanya siku zote: kabla hujaamua mtu astahili nini, msikilize alikotoka. Kwa hiyo nawaomba wahakiki wenzangu, tunaposoma kazi yenye mauaji, tuache kukimbilia dhamira na maadili. Tuulize kwanza mwandishi kaanzia wapi, na nani kapoteza sauti kwa uamuzi huo. Atakayeandika tamthilia juu ya Akeri 1896 itabidi achague kabla ya kuandika neno la kwanza: pazia lifunguke hemani kwa Ovir na Segebrock, kambini kwa Johannes, au migombani kwa yule mama ambaye hakuna aliyelihifadhi jina lake?