Mgombea aliyeachwa nyuma hujitoa vipi katika mchujo wa Marekani

Jumamosi ya tarehe 7 Juni mwaka 2008, Seneta Hillary Clinton wa New York alisimama mbele ya wafuasi wake mjini Washington na kutangaza kwamba anasimamisha kampeni yake ya kuwania tiketi ya urais ya chama cha Democratic. Katika hotuba hiyo hiyo alimuunga mkono mpinzani wake, Seneta Barack Obama wa Illinois, na kuwataka waliompigia kura yeye wafanye vivyo hivyo.

Tangazo hilo halikumshangaza mtu. Kwa takriban miezi mitatu wachambuzi wa mambo ya siasa walikuwa wamekwisha sema kwamba hesabu ilikuwa imemkataa. Lililosubiriwa ni siku ya kuondoka na namna atakavyoondoka. Kisa chake kingali mfano ulio wazi zaidi wa jinsi mgombea aliyeachwa nyuma anavyotoka katika kinyang'anyiro cha chama nchini Marekani, na kwa nini siku anayoichagua ina uzito kwake na kwa chama chake.

Hesabu ya wajumbe

Vyama vikuu vya Marekani havimteui mgombea wa urais katika kikao kimoja. Uteuzi hufanyika jimbo kwa jimbo, kuanzia Januari hadi Juni, ama kwa kura za mchujo ama kwa mikutano ya wanachama. Kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe, nao hukutana katika mkutano mkuu wa chama wakati wa kiangazi kumteua rasmi mgombea.

Chama cha Democratic hugawa wajumbe kwa uwiano wa kura, ili mradi mgombea apate angalau asilimia 15. Kanuni hiyo humsaidia anayeshindwa asitoke mikono mitupu. Lakini humwadhibu aliyekwisha achwa nyuma, kwani ushindi wake wa baadaye haumpatii wajumbe wa kutosha kuziba pengo.

Hayo ndiyo yaliyomkuta Bi Clinton. Baada ya kura za Jumanne Kuu, tarehe 5 Februari 2008, Obama alishinda kila mchujo uliofanyika baina ya tarehe 9 na 19 ya mwezi huo, na akajipatia uongozi wa wajumbe zaidi ya 100. Tarehe 4 Machi Bi Clinton alishinda kura za mchujo za Texas. Jimbo hilo, hata hivyo, liligawa sehemu ya wajumbe wake kupitia mikutano ya wanachama, na hesabu ilipokamilika Obama alipata wajumbe 99 na Bi Clinton 94. Tarehe 22 Aprili alishinda Pennsylvania kwa tofauti ya asilimia 9 hivi. Ushindi huo mkubwa ulimpa wajumbe 85 dhidi ya 73 wa Obama, yaani nyongeza ya wajumbe 12 tu.

Upande wa Republican mambo yalikwisha mapema. Majimbo kadhaa yaliwapa washindi wajumbe wote au sehemu kubwa yao, na Seneta John McCain alifikisha idadi iliyohitajika tarehe 4 Machi. Mpinzani wake wa mwisho mwenye uzito, Mike Huckabee, aliyekuwa gavana wa Arkansas, alijitoa usiku huo huo. Mwezi mmoja kabla yake, alipoambiwa kwamba hesabu haimruhusu kushinda, Huckabee alikuwa amejibu kwa mzaha kwamba chuoni hakusomea hesabu bali miujiza.

Kwa nini hakuondoka mapema

Miito ya kumtaka Bi Clinton aondoke ilianza mapema. Tarehe 28 Machi Seneta Patrick Leahy wa Vermont, aliyekuwa akimuunga mkono Obama, alisema hadharani kwamba wakati umefika. Obama mwenyewe alisema siku iliyofuata kwamba mpinzani wake anaweza kuendelea kwa muda apendao. Tarehe 7 Mei, baada ya Obama kushinda North Carolina kwa wingi wa kura na kushindwa kwa kura chache Indiana, George McGovern, aliyekuwa mgombea wa chama mwaka 1972 na aliyekuwa akimuunga mkono Bi Clinton, alimgeukia na kumshauri ajitoe.

Bi Clinton alikuwa na sababu tatu za kubaki. Ya kwanza ni kwamba hakuna kati yao aliyeweza kufikisha idadi ya ushindi kwa wajumbe wa majimbo peke yao. Uamuzi ulikuwa mikononi mwa wajumbe maalum takriban 800, yaani wabunge, magavana na viongozi wa chama, ambao mwaka ule walikuwa huru kumchagua wamtakaye na hata kubadili nia.

Ya pili ni kwamba bado alikuwa akishinda. Tarehe 13 Mei alimshinda Obama West Virginia kwa tofauti ya zaidi ya asilimia 40, na wiki moja baadaye akashinda Kentucky. Ni vigumu kumwambia mshindi wa jana aondoke leo.

Ya tatu iliwahusu wapiga kura. Majimbo ya mwisho huwa yamezoea kupiga kura baada ya mambo kuamuliwa kwingine. Mwaka 2008 Montana, South Dakota na kisiwa cha Puerto Rico walipata nafasi ya kusikilizwa, na mamilioni walijiandikisha kwa sababu kura zao zilikuwa na maana. Mwishoni kila mmoja wa wagombea hao wawili alikuwa amepata kura zinazokaribia milioni 18.

Gharama yake ilikuwa kwamba McCain alipata miezi mitatu ya kujiandaa bila mpinzani, ilhali ndani ya Democratic maneno makali kuhusu rangi na jinsia yalizidi kuwatenga wafuasi wa pande mbili.

Florida na Michigan

Kizuizi cha mwisho kilikuwa majimbo mawili yaliyokiuka ratiba ya chama kwa kupiga kura mapema, Michigan tarehe 15 Januari na Florida tarehe 29 Januari. Chama kilikuwa kimeyanyima wajumbe wote. Bi Clinton alishinda kote kuwili, lakini wagombea hawakuwa wamefanya kampeni huko, na katika Michigan jina la Obama halikuwamo katika karatasi za kura.

Tarehe 31 Mei kamati ya kanuni ya chama ilikutana Washington na kuamua kwamba wajumbe wa majimbo hayo wakubaliwe, kila mmoja akiwa na nusu kura. Idadi iliyohitajika kushinda ilipanda hadi 2,118. Uamuzi huo haukumpa Bi Clinton wajumbe aliowahitaji, na tangu siku hiyo hakuwa na hoja nyingine ya kisheria ya kuegemea.

Siku nne za Juni

Asubuhi ya Jumanne tarehe 3 Juni, siku ya kura za mwisho, shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba Bi Clinton atakiri usiku ule kuwa Obama amefikisha idadi ya wajumbe. Mwenyekiti wa kampeni yake, Terry McAuliffe, alikanusha haraka. Mchana kutwa wajumbe maalum walijitokeza mmoja mmoja kumuunga mkono Obama, na kufikia usiku alikuwa amepita 2,118.

Obama alihutubia mjini St. Paul, Minnesota, akiwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuhakikishiwa tiketi ya chama kikuu. Kwa Waafrika Mashariki usiku huo ulikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa baba yake alikuwa Mkenya, na kijiji cha Kogelo wilayani Siaya, alikoishi bibi yake Mama Sarah, kilikuwa kimekwisha fahamika duniani kote. Bi Clinton alizungumza mjini New York na kusema hatafanya uamuzi wowote usiku ule.

Siku iliyofuata wabunge waliokuwa wakimuunga mkono walimweleza kwamba wao wenyewe wanapaswa kuhamia upande wa mshindi. Tarehe 5 Juni wapinzani hao wawili walikutana faraghani nyumbani kwa Seneta Dianne Feinstein mjini Washington. Siku mbili baadaye alitoa hotuba yake ya kuaga. Alikifananisha kizuizi kinachowanyima wanawake vyeo vya juu na dari ya kioo, akasema kwamba dari hiyo haikuvunjika safari hii, lakini ina nyufa milioni 18.

Maana ya kusimamisha kampeni

Wagombea wengi hutumia neno kusimamisha badala ya kujitoa. Sheria ya uchaguzi ya Marekani hailipi neno hilo maana yoyote ya pekee. Faida yake imo katika kanuni za vyama, ambazo zinaweza kumnyang'anya aliyejitoa rasmi baadhi ya wajumbe aliokwisha kuwapata. Anayesimamisha hubaki na wajumbe, na wajumbe ndio mtaji wake wa mazungumzo juu ya ilani ya chama, nafasi ya kuhutubia mkutano mkuu, na vyeo vya baadaye.

Aidha, neno hilo halimzuii kuendelea kuchangisha fedha za kulipa madeni, jambo ambalo kwa Bi Clinton lilikuwa zito. Kampeni yake ilimaliza ikiwa na deni la zaidi ya dola milioni 20, na humo mlikuwamo zaidi ya dola milioni 11 alizoikopesha kutoka mfukoni mwake. Sheria ya wakati ule ilimzuia mgombea kujilipa zaidi ya dola 250,000 za mkopo wake kwa michango iliyokusanywa baada ya uchaguzi. Mkopo huo aliusamehe, na madeni ya wengine yalimalizika kulipwa mwishoni mwa mwaka 2012. Kikomo hicho cha dola 250,000 kilifutwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwezi Mei mwaka 2022.

Ifahamike kwamba wageni wenye kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani wanaruhusiwa kuchangia kampeni, ingawa hawaruhusiwi kupiga kura katika uchaguzi wa rais. Wageni wasio na kibali hicho wamekatazwa kuchangia.

Kutoka Denver hadi Wizara ya Mambo ya Nje

Mkutano mkuu ulifanyika Denver, Colorado, kuanzia tarehe 25 hadi 28 Agosti. Tarehe 27, wakati majimbo yakitaja kura zao moja baada ya jingine, Bi Clinton alisimama kati ya wajumbe wa New York na kuomba utaratibu usitishwe, Obama ateuliwe kwa sauti moja. Ukumbi ulikubali kwa shangwe. Tarehe 4 Novemba Obama alimshinda McCain, na tarehe 21 Januari 2009 Bi Clinton aliapishwa kuwa waziri wake wa mambo ya nje.

Wengine waliondokaje

Si kila mara mambo huishia hivyo. Mwaka 1980 Seneta Edward Kennedy alibaki dhidi ya Rais Jimmy Carter hadi mkutano mkuu wa New York, mwezi Agosti, ingawa Carter alikuwa na wajumbe wa kutosha. Kennedy alitaka kanuni zibadilishwe ili wajumbe wawe huru, akashindwa kwa kura. Chama kiliondoka ukumbini kikiwa kimegawanyika, na Novemba Carter alishindwa vibaya na Ronald Reagan.

Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Bi Clinton kumsubiri mwingine. Seneta Bernie Sanders hakumuunga mkono hadi tarehe 12 Julai, karibu mwezi mmoja baada ya kura za mwisho. Alitumia muda huo kudai mabadiliko katika ilani na katika kanuni za uteuzi. Mwezi Agosti mwaka 2018 chama kiliamua kwamba wajumbe maalum hawatapiga kura katika duru ya kwanza ya mkutano mkuu wenye ushindani. Mwaka 2020 Sanders aliondoka mapema zaidi, tarehe 8 Aprili.

Kwa upande wa Republican, Nikki Haley alisimamisha kampeni yake tarehe 6 Machi 2024, siku moja baada ya Jumanne Kuu, akiwa ameshinda Vermont na mji mkuu wa Washington tu. Hakumuunga mkono Donald Trump siku hiyo. Jina lake lilibaki katika karatasi za kura za majimbo mengine, na miezi miwili baadaye, mjini na vijijini Indiana, zaidi ya asilimia 20 ya wapiga kura wa mchujo walimchagua ingawa hakuwa tena mgombea. Mwezi Julai alihutubia mkutano mkuu wa Milwaukee na kumuunga mkono Trump.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, husema wahenga. Katika mchujo wa Marekani hesabu ndiyo huamua nani ameshindwa, na kwa kawaida huamua mapema. Siku ya kukubali huachiwa mgombea mwenyewe. Akiwahi mno, huwanyima sauti wapiga kura wa majimbo yaliyosalia na kutupa mtaji wake wa mazungumzo. Akichelewa mno, kama Kennedy, anaweza kumwachia mpinzani wa chama kingine faida ambayo hakuitolea jasho. Bi Clinton alisubiri hadi kura ya mwisho ilipohesabiwa, kisha akachukua siku nne.