Figo na Historia ya Dawa za Mzio
Kabla sijamkabidhi mgonjwa setirizini, dawa ya mzio, kwenye dirisha la famasi, namuuliza habari za figo zake. Swali hilo lina historia. Mwaka 1937, jijini Paris, Daniel Bovet na Anne-Marie Staub walipata kemikali ya kwanza ya kuzuia histamini, kemikali ya mwili inayoleta dalili za mzio, lakini ilikuwa na sumu mno kwa binadamu. Dawa zilizofuata, kama Piriton, zilituliza mafua ya mzio na muwasho, ila zikaleta usingizi. Setirizini, ya miaka ya 1980, ilipunguza usingizi huo. Lakini sehemu yake kubwa hutolewa na figo kupitia mkojo. Figo zikidhoofika, dawa hukawia mwilini. Ndiyo maana miligramu 10 za kawaida mara nyingi hushushwa hadi 5. Ndugu msomaji, mweleze mfamasia hali ya figo zako kabla hujanunua.