Mkaratusi au kalitusi?

Mwaka 1777, kwenye safari ya nahodha Cook, tawi la mti mmoja lilichumwa kisiwa cha Bruny, Australia. Baadaye Mfaransa L'Héritier akauita Eucalyptus, Kigiriki cha "uliofunikwa vema": tumba la ua lake lina kifuniko kinachodondoka likichanua.

Jina lilipofika kwetu likapunguzwa. Waganda wana kalitunsi. Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, husikika kalitusi. Kamusi zinaandika mkaratusi, wingi mikaratusi, kwa kuwa miti huvishwa m-, kama mwembe na mpera.

Wenyeji wa Australia hutengeneza baragumu ndefu kwa shina la mkaratusi lililotobolewa na mchwa, na utomvu wake wamezoea kuutibia vidonda. Vilimani Butembo mti huu ni mbao, nguzo, makaa na kuni za kuchomea matofali. Mwenye mafua hujifukiza kwa majani yake. Ukikatwa, kisiki huchipua tena. Ila hunywa maji mengi, usiupande kando ya chemchemi.

Gazetini tuandike mkaratusi. Sokoni kalitusi haina kosa.